Situmii, na kila mtu anataka kujua kwa nini

“Shikamoo Dokta. Nina miaka 29, mwenyeji wa Kibosho, mhasibu hapa Dar es Salaam. Baba yetu alikuwa mlevi. Alifariki nikiwa kidato cha tano, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Nilipokuwa chuo nilikunywa karibu mwaka mzima, na nilikuwa na kichwa kigumu sana. Bia sita nilikuwa sijaanza hata kuchangamka, mpaka ikawa mimi ndiye ninayewaendeshea wenzangu gari kurudi hosteli. Likizo moja nilifika nyumbani usiku, nimekunywa, nikawa napapasa tundu la kitasa kwa ufunguo. Nikamsikia mama ndani anaburuta kiti kukiweka nyuma ya mlango, kama alivyokuwa akifanya enzi za baba. Tangu usiku ule sijanywa tena, huu ni mwaka wa saba.

Shida ni watu. Kila sherehe naulizwa: umeokoka? Unaumwa? Uko kwenye dozi? Nimezoea kusema nina dozi ya vidonda vya tumbo. Wengine wananiambia bia inasafisha figo, mvinyo mwekundu unalinda moyo, na mbege ni chakula tu. Desemba tunapeleka mbege ukweni, na baba mdogo amesema mwanaume asiyeshika kata anatudhalilisha. Nikijiuliza mwenyewe kwa nini sinywi, sipati jibu zaidi ya kile kiti cha mama. Je, hiyo ni sababu? Na kwa kuwa nilikuwa na kichwa kigumu, labda sikurithi ulevi wa baba na ninaogopa bure? Mwisho, mdogo wangu wa miaka 25, ninayeishi naye, anakunywa pombe kali kila siku. Akiamka mikono inatetemeka mpaka azimue. Nimempa wiki moja aache yote kwa mara moja kama nilivyofanya mimi, la sivyo ahame kwangu.”

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye yale maneno ya mwisho, uliyoyaweka kama nyongeza. Naanza nayo kwa sababu hayawezi kusubiri. Tafadhali mwondolee mdogo wako lile sharti la wiki moja, leo hii, kabla hujaendelea kusoma.

Wewe uliacha kwa usiku mmoja na hukuona kitu. Mwili wako ulikuwa haujaizoea pombe kiasi cha kuidai. Wa kwake umeshafika huko. Kutetemeka asubuhi hadi azimue si ukaidi wala uvivu. Pombe hutuliza ubongo: huipa nguvu kemikali inayopoza shughuli zake na kuibana ile inayouchangamsha. Mtu akinywa kila siku kwa miezi, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi ukiwa ndani ya pombe, kwa hiyo unajichangamsha kupita kawaida ili kushindana na utulivu wa kulazimishwa. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja ndani, mmoja nje. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anachomoka mzima mzima na kuanguka.

Huko kuanguka kuna ratiba yake. Kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na usingizi kupotea. Ndani ya siku mbili za kwanza baadhi huanguka kifafa, hata kama hawajawahi kuwa na kifafa maishani. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, wachache huchanganyikiwa kabisa: hajui yuko wapi, anaona wadudu wakitembea ukutani, joto linapanda, presha inapanda. Hali hiyo inaua. Nyumbani watu husema amerogwa, au pombe inamtoka, wanamfungia chumbani wakisubiri ipite. Mwombeeni kwa moyo wote, lakini mwombeeni njiani mkielekea hospitali.

Kwa hiyo sharti lako libadilike. Una haki ya kuweka mpaka ndani ya nyumba yako, sikulaumu hata kidogo. Ila mpaka uwe “twende kliniki”, usiwe “acha”. Mkiwa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina kliniki za afya ya akili, na Muhimbili wapo madaktari bingwa. Mwambie daktari anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama amewahi kuanguka. Atapewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa kipimo kinachoshushwa siku hadi siku, na vitamini B1, maana wanywaji wa kila siku huila akiba yao ya B1 hadi ubongo unadhurika. Msinunue vidonge hivyo wenyewe duka la dawa. Vikikutana na pombe vinaweza kumzuia kupumua. Na kama hamwezi kufika kliniki hadi keshokutwa, ni salama zaidi apunguze kidogo kidogo kuliko akate ghafla. Najua ni ajabu kusikia daktari anasema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Akianguka kifafa, au akianza kuongea na watu wasiokuwepo, hapo hakuna kusubiri kliniki, ni idara ya dharura usiku huo huo.

Jambo moja zaidi juu yake. Kuna nyumba za kurekebisha tabia ambazo humpokea mtu na kumfungia tu bila muuguzi wala dawa. Soba hausi nzuri zipo na zimesaidia wengi, ila mtu mwenye dalili kama za mdogo wako aanzie hospitali, soba ije baadaye. Wiki ya kwanza, akiwa na dawa, kwa kawaida hupita vizuri. Kazi yenyewe iko kwenye miezi inayofuata, na huko ndiko atakakokuhitaji wewe, kaka yake asiyekunywa, kuliko atakavyomhitaji mtu mwingine yeyote.

Sasa nije kwako.

Umeuliza kama unaogopa bure kwa sababu ulikuwa na kichwa kigumu. Hili ndilo kosa kubwa zaidi katika barua yako, na si lako peke yako. Vijiweni kichwa kigumu ni sifa: huyu dume, halewi. Ukweli ni kinyume chake. Marc Schuckit, daktari wa magonjwa ya akili wa San Diego, Marekani, aliwachukua vijana wa kiume ambao baba zao walikuwa na uraibu wa pombe, akawapa kiasi kilichopimwa, akaangalia wanavyoyumba na kuwauliza wanavyojisikia. Kisha akawafuatilia. Takriban miaka 10 baadaye, waliokuwa wamelewa kidogo kuliko wenzao, wale wenye vichwa vigumu, ndio walioangukia kwenye uraibu zaidi.

Fikiria namna kulewa kunavyomlinda mtu. Mwenye kichwa chepesi akimaliza chupa mbili anasikia kizunguzungu, anaacha, anakwenda kulala. Mwenye kichwa kigumu hapati onyo hilo. Ili afike walipo wenzake anahitaji nne, mwaka ujao sita, na kila hatua ubongo wake unazoea. Wewe kwenye bia sita ulikuwa hujachangamka. Huenda hiyo ndiyo sehemu ya baba yako iliyokujia.

Halafu kichwa kigumu si ini gumu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi, na ini la mtu wa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, liwe la mwenye kichwa kigumu au chepesi. Chupa sita ni gramu 120. Piga hesabu, wewe ni mhasibu: ini lilihitaji zaidi ya saa 12. Ulipokuwa ukiwaendeshea wenzako kurudi hosteli, damu yako ilikuwa na kilevi sawa na ya aliyekuwa anakoroma kiti cha nyuma. Tofauti ilikuwa kwamba wewe hukukisikia. Namshukuru Mungu mlifika.

Kuhusu urithi kwa jumla, tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika kupata uraibu wa pombe inatokana na vinasaba. Usiisome kana kwamba umerushiwa shilingi, kichwa au mwenge. Maana yake ni kwamba unachorithi ni wepesi wa kunaswa, na nusu nyingine iko kwenye maisha: umri ulioanza, pombe inavyopatikana, msongo, marafiki, na yale uliyoyaona ukiwa mtoto. Hakuna kinasaba kinachomnywesha mtu ambaye hanywi. Kwa mtoto wa mlevi mwenye kichwa kigumu, kutokugusa ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote ninayoweza kuiandika. Hukuogopa bure.

Hayo mengine unayoambiwa kwenye sherehe nitayapitia kwa kasi tofauti, kwa sababu hayana uzito sawa.

Bia kusafisha figo: hapana. Ubongo hutoa homoni inayoziagiza figo zirudishe maji mwilini, na pombe huizuia. Ndiyo maana mnywaji anakwenda msalani kila dakika. Anachokipoteza ni maji yake mwenyewe, na asubuhi anaamka na kiu na kichwa kinagonga. Anayetaka figo zake zipitiwe na maji, anywe maji.

Mbege kuwa chakula: ina ndizi na ulezi, kweli, na wazee wetu waliipika kwa ustadi. Lakini kilevi kilichomo ni kilevi kile kile kilicho kwenye bia na kwenye gongo, na ini haliulizi kimetoka kwenye ndizi au kwenye shayiri. Kwa sababu mbege hupimwa kwa kata na ndoo, na ukali wake hubadilika kadiri inavyolala, mtu hajui amekunywa kiasi gani.

Mvinyo na moyo panahitaji uvumilivu kidogo, kwa maana hata madaktari waliwahi kuamini. Kwa miaka mingi tafiti zilionyesha kwamba wanaokunywa kidogo huishi vizuri kuliko wasiokunywa kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye kapu la “wasiokunywa”. Humo walikuwemo watu kama wewe, lakini pia walikuwemo walioacha kwa sababu walishaugua ini, moyo, kisukari, au walikatazwa na daktari. Ukimlinganisha mnywaji mwenye afya na mgonjwa aliyeacha pombe jana, pombe itaonekana dawa. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia zaidi ya watu 500,000 nchini China. Wachina wengi huzaliwa na kinasaba kinachofanya pombe iwaletee wekundu wa uso na kichefuchefu, kwa hiyo hunywa kidogo, na sababu si ugonjwa. Watafiti walipowapanga watu kwa vinasaba badala ya kuwapanga kwa maelezo yao wenyewe, ile faida ikayeyuka. Kadiri kinasaba kilivyomruhusu mtu kunywa zaidi, ndivyo hatari ya kiharusi ilivyopanda, bila kiwango chochote cha chini kilichomlinda.

Upande wa saratani hakuna mjadala tena. Ini likianza kuivunja pombe, hatua ya kwanza ni kutengeneza asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli kabla haijageuzwa kuwa kitu kisicho na madhara. Nayo haitengenezwi kwenye ini tu, hata mdomoni na kooni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, kundi moja na sigara, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana, titi: huko kote. Saratani ya umio ni msiba mkubwa katika ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, na pombe ni mmoja wa washukiwa wake pamoja na tumbaku na vinywaji vya moto sana. (Kwa hiyo na hiyo chai unayokunywa badala ya bia, iache ipoe kidogo.)

Ninakuwa mkweli na kwa upande wa pili. Mama anayekunywa glasi moja kwenye harusi ya mwanawe hatari anayojiongezea ni ndogo sana, na sitamharibia siku yake. Hatari hupanda kwa kiasi na kwa miaka. Kutokunywa nako hakumpi mtu bima ya maisha. Nimewaona walioacha pombe wakahamia kwenye soda, nne kwa usiku mmoja, ilhali soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Na kijamii una kitu unachokipoteza, tusidanganyane. Kuna mazungumzo ya saa sita usiku ambayo hutakuwemo, na mabosi wengine bado hugawa nafasi kwenye meza yenye chupa. Kama umelihisi hilo, hukukosea.

Sasa kile kiti.

Katika miaka yangu ya kliniki nimeambiwa sababu za kutokunywa za kila namna. Dereva wa malori ya Tunduma aliyeacha baada ya kuona gari la mwenzake limelala kwenye mteremko. Mwanamke aliyepiga hesabu ya chupa mbili mbili za kila wikiendi akaona ni ada ya muhula mzima. Mzee wa Tanga aliyeniambia dini ndiyo iliyomkataza, ila kwa sasa hata angeruhusiwa asingerudi, kwa jinsi anavyolala vizuri. Mwalimu ambaye hapendi tu ladha, anasema ni chungu, na watu wanamkatalia kana kwamba ulimi ni wao. Na dada mmoja aliyekuwa akiulizwa kila anapoikataa glasi: “Vipi, tayari?” huku wakimtazama tumbo. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili. Wauliza maswali hawakujua, lakini huyo dada aliacha kwenda kwenye sherehe.

Hapo ndipo ninapowalaumu wanaouliza, waliomzunguka yule dada na wanaokuzunguka wewe. “Uko kwenye dozi?” ni swali linalomtaka mtu ataje ugonjwa wake mbele ya meza nzima. Kwenye meza hiyo huenda yupo anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo zikikutana na pombe huliumiza ini. Huenda yupo wa ARV ambaye hajamwambia mtu. Anayemkirimu mgeni kwa moyo humuuliza “utakunywa nini?” akaridhika na jibu.

Ninachowauliza wote wanaokuja kwangu si kama sababu ni nzito. Nawauliza kama ni ya kweli kwao, kwa kuwa kila sababu ina mahitaji yake. Asiyependa ladha hana haja ya kujilinda na chochote, anaweza kukaa baa hadi alfajiri na maji yake. Aliyewahi kunaswa akajinasua, huyo hata bia isiyo na kilevi namshauri aiogope, kwa harufu yake na glasi yake, na njia ya kurudi nyumbani isipite pale pale. Wewe uko katikati. Hukuwa mraibu, ila ulikuwa umeshika njia ukiwa na mwili unaoonekana kufanana na wa baba yako, na umebeba jambo la utotoni ambalo bado linauma. Kwako kukaa na wanywaji hakuna hatari kubwa. Penye hatari ni siku ya huzuni au ya hasira, mtu akakwambia “moja tu”. Siku hizo zijue mapema, na uwe na mtu wa kumpigia simu.

Kwa hiyo ndiyo, kile kiti ni sababu. Usiku ule hukuona takwimu wala picha ya ini. Ulisikia nyayo zako zinavyosikika ukiwa upande wa pili wa mlango, ukaamua mama asiburute kiti tena kwa sababu yako. Nimesoma vitabu vingi vya tiba na sijakutana na sababu inayoishinda hiyo.

Lakini ile dozi ya vidonda vya tumbo iache. Sikuhukumu, kila mtu amewahi kutafuta mlango wa kutokea. Ila angalia unavyojifunga. Dozi ina mwisho, kwa hiyo kila sherehe wanakuuliza unamaliza lini. Dozi ni kizuizi, kwa hiyo wanakuonea huruma na kukushauri dawa nyingine. Ukisema “siwezi kunywa”, umewaalika wakusaidie uweze. Ukisema “situmii”, umemaliza. Neno ni moja, lisemwe kwa tabasamu, bila “samahani” mbele wala “kwa sababu” nyuma. Akiuliza kwa nini, mwambie “basi tu, situmii” na umuulize habari za watoto wake. Wengi hawajali kiasi unachodhani. Anayekazana kukushawishi hadi mara ya tano, mara nyingi ana maswali na glasi yake mwenyewe. Na usijione kituko: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya nusu ya watu wazima barani Afrika hawanywi pombe kabisa.

Ukweli kamili wa kile kiti wabakizie wachache wanaostahili. Mchumba wako awe wa kwanza, maana ataishi na historia hiyo. Wa pili ni baba mdogo.

Amekwambia mwanaume asiyeshika kata anawadhalilisha. Sikiliza alivyosema: kushika. Hakusema kumaliza. Mimi si mzee wa Kibosho, na taratibu za ukweni mtaelekezwa na wenyewe, lakini mara nyingi heshima iko kwenye kupokea. Kata ikija unaipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaipitisha kwa mzee aliye karibu nawe, au baba mdogo anainywa kwa niaba yako. Familia nyingi za Uchagani zina walokole na Wasabato ndani, na posa zimekuwa zikifungwa. Jambo hili lisitokezee siku hiyo mbele ya wakwe. Mshenga aongee na upande wa pili mapema, na wewe uongee na baba mdogo mkiwa wawili tu, mapema, kabla Desemba haijafika na nyumba kujaa watu. Mweleze habari ya ufunguo na kitasa. Usiende kama unayeomba ruhusa, wala kama unayemhubiria kuhusu ini. Ni mdogo wake baba yako. Alimzika kaka yake akiwa na tumbo lile lile unalolikumbuka wewe. Nadhani atakuelewa kuliko unavyotarajia, na kama hatakuelewa siku ya kwanza, mpe muda.

Nimalizie na kitu ambacho hukukiuliza. Umeandika kwamba baba alifariki tumbo limejaa maji na macho ya njano, na wote mmeamini ni pombe. Inawezekana kabisa. Lakini huku kwetu picha hiyo hiyo huletwa pia na homa ya ini aina ya B, na mara nyingi vyote viwili hukaa ndani ya mtu mmoja na kuharakishana. Virusi hivyo huambukiza kwa damu, kwa kujamiiana, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na hata kati ya watu wa nyumba moja kwa nyembe na mswaki. Mtu anaweza kukaa navyo miaka 20 bila dalili. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, na wewe na mdogo wako mlikuwa mmeshazaliwa. Hapa kutokunywa kwako hakukulindi.

Kapimeni, wewe na mdogo wako, siku hiyo hiyo mtakayokwenda kliniki. Ni kipimo cha damu kidogo tu. Mama naye apimwe. Ukifika nyumbani Desemba unaweza kumpeleka hospitali ya Mawenzi au KCMC pale Moshi, na njiani, kama moyo utakubali, mwambie kwamba usiku ule ulisikia kiti. Huenda mpaka leo hajui kwa nini uliacha. Asiye na virusi wala kinga apate chanjo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, na mchumba wako aingie kwenye hesabu hiyo kabla ya ndoa. Atakayekutwa navyo asikate tamaa, zipo dawa zinazovituliza, na yeye ndiye wa kwanza ambaye tone la pombe halimfai.

Niandikie ukishampeleka mdogo wako.